Maji ya Mbele

Kwenye kona moja ya Jules Street, hapa Malvern, Johannesburg, kuna chemba ya choo iliyofurika tangu kabla ya Krismasi. Kinyesi cha mtaa mzima hutoka chini ya mfuniko wa chuma, huvuka njia ya waendao kwa miguu, hupita mbele ya spaza, kiduka cha mtaani kinachouza mikate, kisha huteremka kando ya lami hadi kwenye roboti, yaani taa za barabarani, ambako teksi zinazowahi taa ya kijani huwarushia watu miguuni. Watoto wa shule hukiruka. Mwenye spaza ameweka matofali mawili ili wateja wakanyage, naye anaendelea kukata mkate kama kawaida. Tumezoea. Na kwangu mimi, huko kuzoea kunanuka kuliko kinyesi chenyewe.

Mtu mmoja tu amekataa kuzoea. Ni Mama Mayasa, mama wa Kikongo anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wa moshi upande wa pili wa barabara. Hajawahi kuyakanyaga yale matofali. Huzunguka mtaa mzima, meza yake kichwani, ili asiuvuke ule mfereji. Akifika mkabala na spaza husimama mbali, hutema mate, na kupaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto:

"Ninyi wote munakunywa nyuma!"

Watu hucheka. "Gogo ameanza," husema vijana wa pale, na gogo kwa lugha yao ni bibi. Mimi, mtu wa Tanga, nilikuwa jirani yake, chumba kwa chumba katika ua mmoja, kwa muda mrefu kabla sijauliza maana ya maneno yale. Nayaeleza hapa kwa sababu, bila kuyaelewa, hutaelewa kwa nini mjukuu wake alifikisha miezi mitatu bila jina.

Mama Mayasa alizaliwa mtoni. Sisemi kando ya mto. Nasema juu ya maji, ndani ya mtumbwi, katika Lualaba, upande wa Maniema. Ulikuwa mtumbwi mrefu uliochongwa katika mti mmoja, wenye kibanda cha majamvi katikati na jiko la udongo lililokandikwa sakafuni ili moto usitoboe mbao. Kuku walikaa ndani ya tenga. Watoto ambao hawajajua kuogelea walifungwa kamba kiunoni, na mama alijua alipo mtoto kwa kuisikiliza kamba kwa mguu huku mikono ikipara samaki. Ukoo wao haukuwa na kijiji. Walifuata samaki na walifuata magulio. Leo wanabadilishana samaki wa moshi kwa muhogo mahali hapa, mwezi ujao wanachukua mawese mahali pengine. Watu wa nchi kavu waliwaita watu wasio na kizingiti. Walikusudia kuwatukana. Mama Mayasa analisema jina hilo kwa kicheko: "Kizingiti ni cha kujikwaa."

Lakini watu wasio na kizingiti walikuwa na sheria, na sheria yao kubwa ilikuwa ya mbele na nyuma. Mtumbwi ukisimama, pua yake ilielekezwa kule maji yanakotoka. Maji ya kunywa na ya kupikia yalichotwa mbele. Vyombo vilioshwa nyuma, haja ilifanyika nyuma, matumbo ya samaki yalitupwa nyuma. Mtoto aliyekojolea mbele alipigwa na mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu, awe shangazi yake au la. Na mtumbwi mmoja haukufungwa nyuma ya mwingine kwa ukaribu wa kusikia kilio cha mtoto. Ukimsikia mtoto wa jirani analia, basi uko ndani ya uchafu wake. Ng'oa upondo wako usogee.

"Na ukishasogea, wa nyuma yako je?" nilimuuliza siku moja tulipokuwa tukichambua sombe uani. "Si anakunywa uchafu wako?"

"Yeye iko mbali. Kati yetu mto inafanya kazi." Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi. "Ninyi Watanga munaosha sahani ndani ya karai moja mpaka mwisho, njo maana unauliza."

Haya, sasa fikiria mtu wa sheria hiyo anashushwa Hillbrow, katikati ya maghorofa ya Johannesburg.

Vita vilipofika mtoni, wenye bunduki walihitaji mitumbwi kuliko walivyohitaji watu. Wakaushusha ukoo mzima ufukoni na kuondoka na nyumba yao. Mama yake Mama Mayasa, Zubeda, hakumaliza mwezi. Alifia ndani ya chumba cha kuazima, juu ya sakafu ya udongo, akilalamika kwamba kitanda hakitikisiki. Mumewe Mama Mayasa alichukuliwa kuwapigia wale watu kafi na hakurudi. Yeye akambeba binti yake mdogo, Arlène, akatembea, akapanda malori, akaivuka Zambia, akafika Johannesburg na sanduku moja la bati.

Chumba cha kwanza alichopata kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la Hillbrow ambalo mwenyewe alikwisha kulitelekeza. Majengo ya namna ile yana uwazi katikati, uliowekwa na wajenzi ili madirisha ya ndani yapate hewa. Wakazi waligeuza uwazi ule kuwa jalala. Walitupa kupitia dirishani maganda, pampasi, chupa za mkojo, panya waliouawa, na wakati bomba lilipokauka walitupa pia mifuko ile ambayo siwezi kuitaja na kuendelea kula leo. Mama Mayasa alipohamia, lundo lilikuwa limefika ghorofa ya kwanza. Alipohama, lilikuwa limeanza kuchungulia ya pili, lina joto lake lenyewe, lina ukungu na funza, na linatoa maji meusi yaliyopenya ukuta na kuingia vyumbani. Usiku alisikia watoto wa jengo zima wakilia, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa sheria yake, alikuwa amelala ndani ya uchafu wa watu wote.

"Banafikiri nyuma yao kuna mto," aliniambia. "Mtu anatupa, anafunga dirisha, anasahau. Sisi pia tulitupa. Lakini sisi tulikuwa na mto! Hapa mto iko wapi? Inatupwa, inabakia, inakungojea."

Amehama mara nyingi tangu hapo. Yeoville, Bertrams, tena Hillbrow, Malvern. Kuhama hakumwumizi. Hana kitu asichoweza kukibeba mwenyewe, na sanduku lile la bati hajalifungua lote kwa wakati mmoja tangu afike. Kinachomuumiza ni kwamba kila anapofika anakuta tayari kuna mtu mbele yake anakojoa.

Arlène alikua. Akawa msusi, ana kiti chake katika saluni moja huku huku Jules Street, anasema Kiingereza na Kizulu kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Habari za mtumbwi zilimwaibisha. Shuleni aliwaambia wenzake kwamba kwao ni Lubumbashi, na baadaye akaolewa na mtu wa Lubumbashi kweli: Glody, mlinzi wa duka, mpole, mcheshi, anayemwogopa mkwewe kuliko anavyoogopa majambazi. Wakakaa ua huu huu. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana sauti ya kupasua bati. Siku kitovu kilipoanguka, matata yakaanza.

Kwao Mama Mayasa, mtoto akizaliwa huitwa Mgeni. Kitovu kikianguka, bibi yake humpeleka mbele kabisa ya mtumbwi, humshika chini ya makwapa, uso ukielekea maji yanakotoka, na kumzamisha mara moja katika mto unaokwenda. Akitoka akilia, ndipo jina hutajwa. Kabla ya hapo hana jina, kwa sababu hajaonyeshwa nyumba yake. Arlène mwenyewe alizamishwa hivyo, na Zubeda, bibi yake. Naye Mama Mayasa alikuwa amesema tangu mimba: akiwa msichana, ataitwa Zubeda. Arlène alilitaka jina hilo. Katika habari zote za mtoni, lilikuwa ndilo pekee ambalo hakulionea haya. Alimpenda bibi asiyemkumbuka.

"Basi mwite," alisema Glody. "Zubeda, Zubeda, imeisha."

"Nimwite na maji gani?" akajibu Mama Mayasa.

Tangu siku hiyo Arlène alimwita mtoto Zubeda, na bibi hakugeuka. Ukimwambia "Zubeda analia," yeye huendelea kupepeta. Ukimwambia "Mgeni analia," huinuka. Neno lile, Mgeni, Arlène alilichukia. Alisema linasikika kama mtoto aliyeokotwa stendi.

Wiki ziliyoyoma. Watu wa Glody kule Lubumbashi walipiga simu kila Jumapili kuuliza jina, na kila Jumapili Glody alisema mtandao ni mbaya. Arlène akapendekeza beseni.

"Maji ya bomba, Maman. Masafi. Tunaweka ndani ya beseni, unamzamisha, tunakula wali."

"Maji inayokaa ni supu," alisema Mama Mayasa.

Ndipo akaingia Papa Théodore. Kila jamii ya wahamiaji hapa mjini ina mtu wake wa namna hii, nami nakiri sina subira nao. Ni mwenyekiti wa chama cha Wakongo wa mtaani kwetu. Ana suti ya rangi ya maziwa, manukato ya kukohoza, na simu isiyoshuka usawa wa kifua. Hukimbilia neno utamaduni kama nzi anavyokimbilia kidonda. Alisikia kwa Glody habari ya mila ya kuzamisha, akaja uani akaketi juu ya kreti la soda lililofunikwa kanga.

"Mama Mayasa, hii ni hazina! Tunafanya Jumapili, kwenye ule mto wa kule nyuma ya Kensington. Unavaa nyeupe. Mtoto anavaa nyeupe. Ninarekodi, ulimwengu mzima unaona watu wetu wa Lualaba."

"Ule mto niliuona ndani ya teksi," alisema Mama Mayasa. "Uko na mavi."

"Aa, Mama! Si lazima umzamishe wote. Kidole tu cha mguu. Ni alama."

"Alama ya nini?"

"Ya... ya mizizi yetu."

"Nimpake mtoto mavi ya watu, nimwambie hii njo mizizi yako?"

Glody alicheka hadi akalazimika kugeukia ukutani. Mimi sikucheka. Hasira ilinizuia, maana nilimwona Arlène anamtazama Papa Théodore kwa matumaini. Alikuwa amechoka. Kidole kimoja cha mguu, picha, jina, mwisho. Ningemlaumu vipi? Mji mzima umemfundisha kwamba ukiruka vizuri hutachafuka.

Mama Mayasa alimtikisa mtoto mapajani. Kisha akauliza, "Ule mto unatoka wapi?"

Hakuna aliyejua. Miaka yote hii, watu wazima watano, nami mwenye cheti cha chuo nikiwamo, hatukuwahi kujiuliza.

"Niliouona mimi ni wa chini," alisema. Macho yake yalikuwa yameamka. "Mto inachafuka ikienda chini. Kila mtu anatia yake. Mdogo wangu alizaliwa tukiwa pale gatini Kindu, maji ilikuwa na mafuta ya meli, inateleza kama supu ya mawese. Baba alikataa. Tulipiga kafi kwenda juu, tukapita nyumba ya mwisho, tukapita shamba la mwisho, mpaka maji ikarudi kuwa maji. Ndugu yangu akaitwa Mgeni muda wote ule, na hakufa. Jumapili tunaenda. Lakini tunaenda juu."

Hakukuwa na mtu wa kumpinga. Mto wowote duniani ukienda juu unakuta maji safi. Hata mimi niliamini hivyo, na nililala nikiwa na furaha ya kijinga.

Jumapili tukapanda kilima cha Kensington kwa miguu. Mama Mayasa mbele, mtoto mgongoni mwa mamaye, Glody na mfuko wa nguo kavu na chupa ya chai, mimi nyuma. Kule juu kuna maduka madogo mazuri, nyasi zilizokatwa, na mbwa wanaotembezwa na watu wanaookota kinyesi chao kwa mfuko wa plastiki. Kinyesi cha mbwa kinaokotwa. Cha kwetu, upande wa pili wa kilima hicho hicho, kinapita dukani. Nilitaka kupiga kelele pale barabarani.

Tulishuka upande wa pili hadi bondeni, na kabla hatujauona mto tuliunusa. Si harufu ya tope. Ni ya choo kilichofunguliwa ndani ya jokofu lililozimika. Maji yalikuwa ya kijivu, yanapita ndani ya mfereji wa zege, na juu yake povu zito la rangi ya meno mabovu lililokusanyika penye kila kona. Matawi ya miti yalikuwa yamevaa matambara na mifuko hadi usawa wa kichwa changu, alama ya mvua ya mwisho ilipofikia. Godoro lilikuwa limekwama chini ya daraja, limevimba, na juu yake kunguru mmoja anadonoa kitu laini. Nilibana pua kwa shati. Glody alisema, "Eish," akaukumbatia mfuko wa nguo kavu.

Chini kidogo ya daraja, watu waliovaa majoho meupe walikuwa wakibatizana. Mchungaji alimshika mama mmoja kichwa na kumzamisha ndani ya yale maji, akatoka anatiririka, mdomo wazi, anaimba. Sikuwadharau wale watu. Niliudharau mji ulioona kwamba hayo ndiyo maji yao.

Papa Théodore alitusubiri hapo hapo, gari lake juu ya nyasi. "Hapa pazuri!" aliita. "Kuna mwanga! Mama, sogea kidogo kwenye ukingo." Akasogea yeye mwenyewe kuonyesha, na ukingo haukuwa ukingo bali utando wa ute mweusi; mguu mmoja wa suti ya maziwa ukazama hadi gotini. Alipouvuta, kiatu kilibaki.

"Papa Théodore," Mama Mayasa alimwambia kwa upole, "sasa weye una mizizi."

Aliopoa kiatu kwa fimbo, na cha kushangaza, akatufuata. Simu ilikuwa bado inarekodi.

Tukaenda juu. Mama Mayasa alitembea kasi kuliko sisi sote, anatazama maji, anatazama mbele, kama mtu aliyepata kazi yake ya zamani. Kila mahali ambapo bomba la pembeni lilimwaga uji wake alilionyesha kwa kidole, "Umeona? Anatia huyu. Umeona? Na huyu," na kila tulipolipita alisema, "Sasa tumempita. Mbele iko bora." Tulipita nyuma ya kuta zenye nyaya za umeme. Tulipita mahali watu wamechoma mipira ya magari. Maji hayakuwa bora. Yalikuwa membamba tu, na kwa kuwa membamba yalikuwa mazito. Mama Mayasa akashusha kidole. Nyumba zilipaswa kupungua, zikazidi. Majengo marefu ya mjini, tuliyodhani tunayakimbia, yakawa yanatujia usoni, na karibu na Bertrams mfereji ukapinda, na pale tukaona mto unakotoka.

Ulikuwa unatoka shimoni. Shimo la zege, la mraba, refu kuliko mtu, jeusi, limechimbwa chini ya barabara. Kutoka mle ndani ulikuja upepo wa vuguvugu, kama pumzi ya mgonjwa.

Mtu mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe kando yake, akisuuza mifuko ya plastiki ya kwenda kuuza, miguu imefungwa karatasi za nailoni. Alituangalia: bibi, mama na mtoto, mlinzi, mimi, na bwana wa suti mwenye mguu mmoja mweusi.

"Mmepotea, gogo?"

"Tunatafuta maji ya juu," Mama Mayasa alimwambia, na Arlène akamfasiria kwa Kizulu.

"Juu wapi?"

"Juu! Kule mto inaanza. Hii shimo inatokea upande gani?"

Yule mtu akacheka, si kwa ubaya. Akanyoosha mkono juu, kwenye maghorofa, kwenye uwanja wa mpira, kwenye Hillbrow na mnara wake. "Hakuna juu, gogo. Juu ni mjini. Mto unaanzia chini ya mji."

Arlène alipolifasiri hilo, nilimwona mama yake akipungua. Sina neno jingine. Mabega yalishuka kama jamvi lililokatwa kamba. Katika maisha yake yote, penye uchafu wowote, palikuwa na mbele. Ukiwa na nguvu za kupiga kafi, palikuwa na mbele. Sasa alisimama kwenye chanzo cha mto na chanzo chenyewe kilikuwa nyuma ya watu, pale wanapotupa.

"Sawa basi," alisema Papa Théodore, akishusha pumzi. "Tumefika chanzoni, au siyo? Hii ni nzuri zaidi. Chanzo! Mama, kidole tu, nina betri kidogo."

"Maman," alisema Arlène. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Fanya tu. Haraka. Nitamwogesha nyumbani na dettol. Nataka awe na jina."

Akamfungua mtoto mgongoni na kumkabidhi.

Mama Mayasa alimpokea. Akamshika chini ya makwapa, kama inavyotakiwa, akashuka hatua za zege hadi pale maji yanapolamba, akamgeuza uso uelekee shimo. Nilitaka kupiga ukelele. Glody alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Yule mtu wa mifuko alisimama. "Gogo, hayo si maji," alisema. Hakuna aliyefasiri.

Miguu ya mtoto ikaning'inia juu ya ule uji wa kijivu, na pumzi ya shimo ikampiga usoni. Akalia. Ile sauti yake ya kupasua bati iliingia shimoni, ikaenda mbali, na baada ya kitambo ikarudi, nyembamba, kana kwamba mle ndani chini ya barabara kuna mtoto mwingine analia.

Mama Mayasa akainua kichwa. "Kuna mtu pale mbele," alisema.

Na kutoka gizani, taratibu, ikizunguka, ikaja pampasi. Imefungwa vizuri kwa mkanda wake, imevimba kama boga, ina alama za vidubu vya bluu. Ikapita chini ya nyayo za mtoto na kwenda zake kwa wale wa majoho meupe.

Arlène aliitazama hadi ilipopinda kona. Vile vidubu ndivyo vilivyo kwenye pampasi anazomvalisha mtoto wake. Nilikuwa nikiviona kila asubuhi ndani ya mfuko aliokuwa akiuacha pembeni ya ile chemba yetu ya Jules Street, juu ya mifuko ya wengine.

"Haiwezi kuwa yetu," Glody akawahi. "Maji ya kwetu hayaji huku."

"Ni ya mtu kama mimi," alisema Arlène.

Akashuka zile hatua akiwa na viatu vyake vya saluni. Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, akamfunika kanga hadi kichwani, akaupa mgongo ule mto.

"Twende, Maman. Mgeni anasikia baridi."

Mama Mayasa aligeuka upesi, kama anavyogeuka kila jina hilo linapotajwa. Akamshika binti yake kiwiko, wakapanda pamoja.

"Na jina?" Papa Théodore aliuliza, simu mkononi. "Mama, jina je?"

"Iko mbele."

"Mbele wapi?"

"Bado sijaiona. Zima hiyo."

Mtoto anatambaa sasa. Watu wa Lubumbashi wamepiga simu, na ni Arlène aliyejibu, si Glody: anaitwa Mgeni. Wakauliza ni jina gani hilo. Akawaambia ni la kwao, la mtoni, mtoto bado hajafika. Wanaweka akiba ya kwenda mbali, pengine kwenye milima, pengine hadi Lualaba yenyewe. Wanabishana kuhusu hilo kila jioni, na ninawasikia kupitia ukutani, maana tumekaa karibu mno.

Ile chemba bado inafurika. Nimekwenda kuripoti, nimerudi kuripoti, nimeambiwa niripoti. Kila asubuhi watu wawili huzunguka mtaa mzima wasiukanyage ule mfereji, mmoja na meza kichwani, mwingine na mtoto mgongoni na mfuko wa pampasi anaotembea nao hadi kwenye pipa la kweli, mbali, karibu na kituo cha teksi. Vijana huwacheka wote wawili.

Mwenye spaza ameongeza tofali la tatu.